Kufuli la Mwizi na Kengele ya Moshi



Kikundi kikimaliza kujenga, kitu cha kwanza kununuliwa ni kufuli. Halafu grili za madirisha, halafu mlango wa chuma, na pesa zikibaki, taa ya nje na soja wa usiku. Hatuwalaumu. Hapa Isiolo kila mtu anajua maana ya kulala jicho moja wazi. Siku hizi vikundi vingine vinaulizia hata alamu ya wezi, ile inayopiga king'ora mlango ukivunjwa. Ni sawa. Lakini sisi tunauliza swali moja: mwizi mmemfungia nje vizuri kabisa, je, moto ukianza ndani, watu watatokea wapi, na nani atawaamsha?

Swali hili si la mchezo. Machi 1998 wasichana 26 walikufa katika bweni la shule ya Bombolulu kule Pwani. Machi 2001 wavulana 67 walikufa Kyanguli, Machakos. Hadithi za shule hizo mbili zinafanana kwa namna ya kuumiza: usiku, mlango uliofungwa, na madirisha yenye vyuma. Septemba 2017 ikawa Moi Girls Nairobi, wasichana 10. Septemba 2024 ikawa Hillside Endarasha kule Nyeri, ambako watoto 21 walikufa katika bweni la mbao lililolaza wavulana zaidi ya 150. Na kabla machozi hayajakauka, mwezi huo huo, bweni la Isiolo Girls hapa kwetu likashika moto usiku. Basi tusiseme ni mambo ya huko mbali.

Kwa hiyo leo tunaeleza juu ya kifaa kimoja, kengele ya moshi, hasa ile inayofungwa kwa waya wa stima na kuunganishwa na alamu ya wezi. Vikundi vyenye hosteli, nyumba za wageni, bweni, au duka ambalo watu hulala nyuma yake, someni kwa makini. Walio bila stima wasitupe gazeti, nao tutawafikia.

Kifaa chenyewe

Kengele ya moshi ni kitu cha duara, ukubwa wa kisahani cha chai, kinachofungwa darini. Hakizimi moto wala hakimwagi maji. Kazi yake ni kunusa moshi mapema na kupiga kelele kali. Wengi hudhani moshi wenyewe utawaamsha. Hapana. Mtu aliyelala pua yake imelala pia, na hewa chafu ya moto, hasa moshi wa godoro la sponji, ina sumu ambayo humlaza zaidi badala ya kumwamsha. Siku hizi magodoro, viti na mapazia ni vitu vya plastiki na sponji, vinawaka haraka kuliko pamba na mbao za zamani. Tangu moto uanze mpaka chumba kisipitike zinaweza kuwa dakika 3 tu, au hata pungufu. Kifaa hiki kinakupa zile dakika chache ambazo ungezipoteza usingizini.

Kilivyopatikana ni kisa cha kuchekesha kidogo. Miaka ya 1930 mwanasayansi wa Uswisi, Walter Jaeger, alikuwa akijaribu kutengeneza chombo cha kutambua gesi ya sumu. Chombo kikakataa. Akawasha sigara kwa kukata tamaa, na mara sindano ya mita ikaruka. Chombo kilikuwa kimeusikia moshi wa sigara.

Ziko aina mbili. Ya kwanza ina chembe ndogo sana ya amerisiamu, madini yenye mnururisho. Haidhuru mtu ikikaa ndani ya kifaa chake, lakini watoto wasiifungue na isichomwe pamoja na takataka. Hii ni hodari kwa moto wa ndimi, ule unaolipuka kama karatasi. Aina ya pili ina kitaa kidogo ndani. Moshi ukiingia hutawanya mwanga, na jicho la kifaa huuona. Hii ni hodari kwa moto unaofuka polepole, kama godoro lililoangukiwa na sigara au waya unaoungua ndani ya ukuta. Kwa mahali pa kulala sisi tungechagua hii ya pili. Kwenye boksi lake utakuta limeandikwa “optical” au “photoelectric”.

Betri au waya?

Kengele ya betri peke yake ni rahisi kununua na yeyote anaweza kuifunga kwa skrubu mbili. Shida yake ni binadamu. Betri inaisha, hakuna anayenunua nyingine. Au mama anakaanga chapati, kifaa kinalia, mtu anapanda kiti na kung'oa betri, “nitarudisha kesho”. Hairudi. Huko Marekani, ambako nyumba nyingi zina vifaa hivi kwa miaka mingi, karibu vifo vitatu kati ya kila vitano vya moto wa nyumbani hutokea katika nyumba ambazo hazina kengele, au zinayo lakini haifanyi kazi. Na sababu kubwa ya kutofanya kazi ni hiyo hiyo, betri iliyotolewa au iliyokufa.

Kengele ya waya inachukua stima moja kwa moja, volti 240, na ndani yake bado kuna betri ya akiba. Stima ikipotea, na sote tunajua inavyopotea, au token zikiisha usiku wa manane na hakuna aliye na pesa kwenye simu, betri inashika kazi. Stima ikirudi, inarudi yenyewe. Ndiyo maana tunaipendekeza kwa jengo la kikundi, maana kitu cha watu wote huangaliwa na mtu hakuna.

Tahadhari moja hapa. Mtu akiwa na ndugu Marekani akatumiwa kengele za waya, asizifunge. Kule stima ni volti 120, hapa ni 240. Kifaa cha kuzuia moto kitakuwa ndicho kinachoungua.

Fundi akifunga, mwambieni achukue stima kutoka kwa waya wa taa unaotumika kila siku, si kwenye waya wa pembeni wenye swichi yake ambayo mtu anaweza kuizima. Sababu yake ni kwamba taa zikikosa stima mtaona usiku huo huo, lakini swichi ya kengele ikizimwa mnaweza kukaa miezi bila habari. Pia mwulizeni juu ya waya wa tatu. Kengele za waya zilizo nzuri zina waya wa ziada unaoziunganisha zenyewe kwa zenyewe, na moja ikinusa moshi stoo, zote zinalia pamoja, hata ile ya chumba cha mwisho ambako mtu amefunga mlango. Kwa jengo refu lenye vyumba kumi, hiyo ndiyo faida kubwa kuliko zote. Lakini ziwe za kampuni moja na aina moja. Za kuchanganya hazielewani, na nyingine zinaharibika.

Kuunganisha na alamu ya wezi

Alamu ya wezi ina sanduku kuu ukutani, na ndani yake betri ya volti 12 kama ya pikipiki. Kutoka hapo waya zinakwenda kwenye milango, madirisha, na king'ora cha nje. Sanduku hili linaweza pia kusikiliza moshi, kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni kununua kengele za moshi zilizotengenezwa kwa ajili ya sanduku. Hizi hazigusi stima ya volti 240 hata kidogo. Zinakula volti 12 za sanduku lenyewe, na stima ikipotea betri kubwa ya sanduku inazibeba. Mwisho wa waya fundi huweka kipande kidogo kiitwacho rezista. Umeme mdogo unapita humo wakati wote, na panya akikata waya sanduku linajua na kutoa ishara ya kasoro. Bila hiyo rezista, waya uliokatika na nyumba isiyo na moto ni kitu kimoja machoni pa sanduku. Fundi akiiweka ndani ya sanduku badala ya mwisho wa waya, kwa sababu ni rahisi kwake, amewadanganya.

Njia ya pili ni ya jengo ambalo tayari lina kengele za stima. Huongezwa kifaa kiitwacho relei. Kengele zikilia, relei inageuza swichi yake na kuliambia sanduku. Inafaa, lakini lazima stima ya 240 na waya za 12 zisipite bomba moja wala kukutana kwenye boksi moja. Hii si kazi ya kijana aliyejifunza kwa kuangalia. Tafuteni fundi mwenye leseni ya EPRA, na mwombeni aonyeshe karatasi yenyewe, asiseme tu kwa mdomo.

Faida ya kuunganisha? Kengele ya darini inaamsha waliomo ndani. King'ora cha nje kinaamsha soja na majirani. Sanduku lenye laini ya simu linaweza kumpigia mwenyekiti na matroni, hata kama jengo halina mtu. Duka likianza kuungua Jumapili watu wakiwa kanisani, kuna wa kujua.

Lakini hapa kuna mtego ambao wauzaji hawausemi. Alamu ya wezi huwashwa usiku na kuzimwa asubuhi. Kengele ya moshi haipaswi kuzimwa kamwe. Kwa hiyo fundi aiweke katika sehemu ya sanduku inayosikiliza saa 24, iwe alamu ya wezi imewashwa au la. Akiiweka pamoja na milango, mkizima alamu ya wezi mmezima na ya moto, na hamtajua mpaka siku ya siku.

Mtego wa pili ni sauti. Tufikiri kama watu wa hapa. King'ora kikilia saa nane usiku, jirani wa Isiolo anafanya nini? Anafunga mlango, anazima taa, anawalaza watoto chini sakafuni. Ndivyo tulivyofundishwa na maisha. Sasa ikiwa ni moto, na kila mtu amejifungia? Sauti mbili lazima zitofautiane. Mtindo wa kimataifa wa moto ni milio mitatu, kimya kidogo, milio mitatu tena. Ya mwizi iwe ya kuendelea bila kukatika. Kisha waelezeni majirani, chifu, na soja, na muwasikilizishe mchana. Bila hivyo ni kelele tu.

Wa tatu, milango inayofungwa kwa stima. Ipo sasa hata kwenye nyumba za wageni mjini. Moshi ukinuswa, lazima mlango uachie wenyewe. Mwulizeni fundi, na mjaribu mbele yake kabla ya kulipa.

Joto, vumbi na mabati

Maelezo ya kwenye boksi yaliandikwa na watu wa nchi za baridi. Nyingi za kengele hizi zimeandikwa zisikae penye joto la kupita digrii 38 au 40. Chini ya mabati yasiyo na dari, saa saba mchana hapa Isiolo, joto linapita hapo bila kuuliza. Kifaa kitalia ovyo, au kitakufa mapema. Na kuna jambo lingine: ile hewa ya moto iliyojikusanya chini ya mabati huuzuia moshi mwepesi kupanda, unatanda chini yake kama mfuniko na haufiki kwenye kifaa. Kwa hiyo jengo la kulala wekeni dari kwanza. Kama pesa hazitoshi, wekeni dari walau upande wa vitanda, na kengele hapo.

Mahali pake ni katikati ya dari. Kama haiwezekani, isikaribie pembe ya ukuta na dari, maana pembeni kabisa hewa haizunguki. Kwenye ukuta iwe inchi 6 mpaka 12 chini ya dari. Kila chumba cha kulala kiwe nayo, na ukumbi unaounganisha vyumba. Jikoni msiweke. Ikae mbali na jiko kama futi 10 hivi, la sivyo tutarudi kwa yule wa kung'oa betri kwa ajili ya chapati.

Vumbi letu nalo. Vumbi na wadudu wadogo wakiingia ndani, kifaa kinawadhani moshi. Msimu wa upepo kipanguseni kila mwezi kwa brashi laini. Wakati wa kupaka rangi au kukata mbao kifunikeni kwa mfuko, na mtu mmoja apewe kazi ya kuutoa jioni.

Nyumba zisizo na stima

Tuseme ukweli: nyumba ambayo moto wa kupikia uko ndani, kengele ya moshi haina kazi. Italia kutwa. Hili liliwasumbua watu wa vitongoji vya mabanda kule Cape Town, Afrika Kusini, na ndipo kikapatikana kifaa cha Lumkani, ambacho hakinusi moshi. Kinapima joto linavyopanda kwa ghafla, na kinaongea kwa redio na vya nyumba za jirani, ili mtaa wote uamke, maana katika mabanda moto wa mmoja ni wa wote. Shirika la Msalaba Mwekundu nalo lilijaribu vifaa vya aina hii katika mtaa wa Mukuru, Nairobi, miaka ya 2015 na 2016. Kwa vikundi vyenye vibanda vya soko vilivyobanana, njia hii inastahili kuulizwa kabla ya ile ya waya.

Na jambo moja linalowaua watu bila moto wowote: jiko la makaa lililoingizwa chumbani usiku wa baridi. Makaa mekundu hayana moshi, kwa hiyo kengele ya moshi itanyamaza kabisa, huku hewa yake ya sumu isiyo na harufu inamaliza familia. Kuna kifaa kingine cha kutambua hewa hiyo, na vingine vimeunganishwa viwili katika kimoja. Lakini dawa ya bure ni kuliacha jiko nje.

Ufunguo ukae kwa nani?

Kengele inaamsha. Haifungui mlango. Kyanguli petroli ilimwagwa, na petroli haingoji kengele ya mtu. Pale kilichohitajika ni njia ya kutoka. Ndiyo maana hatutaki kikundi kitumie pesa zote kwa vifaa na kuacha mlango mmoja wenye kufuli nje.

Mwongozo wa usalama wa shule uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka 2008 unasema wazi: milango ya bweni iwe na upana wa futi 5 au zaidi, ifunguke kwenda nje, uwepo mlango kila upande na mwingine wa dharura katikati, na madirisha yasiwe na grili. Tunajua mtatuuliza, bila grili tutalalaje? Kwa bweni la watoto jibu ni hilo la mwongozo, hakuna mjadala: ua mzuri, taa na soja. Kwa nyumba zenu na za wageni, grili inaweza kuwa ya bawaba, inayofunguka kwa ndani kwa komeo lisilohitaji ufunguo, mbali na mkono wa aliye nje. Fundi yeyote wa kuchomelea anaweza kuitengeneza. Mlango nao uwe na kitasa cha kuzungusha kwa mkono upande wa ndani. Kama lazima kuwe na ufunguo, uning'inie kwenye msumari karibu na mlango, si chini ya mto wa baba, si kwenye leso ya mama, na si kwa matroni anayelala nyumba ya pili.

Watoto wana lao. Imeonekana mara nyingi kwamba mtoto mdogo anaweza kulala fofofo kengele ikilia juu ya kichwa chake. Kwa hiyo bwenini lazima mtu mzima alale jirani, na kazi yake ya kwanza ni kuwatikisa. Fanyeni zoezi mara moja kila muhula, na moja liwe usiku, stima ikiwa imezimwa. Hesabuni watoto mahali mlipokubaliana. Zoezi la kwanza huwa ni fujo tupu, msivunjike moyo.

Gari la zimamoto tusilitegemee mno. Kwa Katiba ya 2010 kuzima moto ni kazi ya kaunti, na lipigiwe simu mara moja, 999 au 112. Lakini aliye Merti, Garbatulla au Oldonyiro anajua umbali uliopo mpaka mjini.

Baada ya kufunga

Katika kifaa kuna kitufe cha kujaribu. Kibonyezeni kila mwezi kwa ufito wa ufagio, siku ya mkutano, wote wasikie. Kikianza kutoa mlio mfupi kila baada ya dakika hivi, kinaomba betri, hakijaharibika. Betri ya sanduku la alamu nayo inachoka baada ya miaka michache, ipimwe na fundi. Kengele yenyewe ina umri: baada ya miaka 10 jicho lake limezeeka, hata kama kitufe bado kinalia, na inunuliwe mpya. Siku ya kuifunga andikeni tarehe nyuma yake kwa kalamu isiyofutika, na katibu aiandike pia kwenye daftari la mali ya kikundi, kando ya kinu cha posho na tangi la maji.